Sentimita Mbili za Mama Rula

Samaki akitoka majini hajui kama ana urefu. Urefu anapewa na Mama Rula.

Kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mtumbwi wa kwanza haujagusa mchanga, Mama Rula huwa keshaisugua meza yake ya saruji pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, keshatundika mizani kwenye ndoano, na keshachonga penseli mbili: moja ya kazi, moja ya kuazimwa na kupotezwa. Kisha anakitoa kibao chake kwenye mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Ni ubao mwembamba, urefu wa mkono wa mtu mzima, wenye rula ya chuma iliyozamishwa katikati. Mwanzoni mwa ubao kimesimama kipande cha mbao wanachokiita ukuta. Pua ya samaki inagusa ukuta, mkia unalala juu ya namba, Mama Rula anainama, anasoma, anaandika. Kisha samaki ananing'inizwa kwenye mizani, na uzito nao unaandikwa. Samaki hamsini. Mvua ikinyesha hamsini, jua likiwaka hamsini, na siku aliyoumwa jino mpaka shavu likawa kama andazi, bado hamsini.

Jina lake la kuzaliwa liko kwenye kitambulisho tu. Hata mume wake, ambaye ni seremala, akiulizwa ghafla inabidi afikirie kidogo. Naye Mama Rula humwita mumewe Fundi, nyumbani na barabarani, akiwa amefurahi na akiwa amenuna. Tofauti utaisikia kwenye sauti.

Kazi hii aliipata miaka mingi nyuma kwenye meza hiyohiyo, alipokuwa akiparua magamba ya samaki wa watu. Afisa uvuvi wa wakati ule alikuja na kibao, akitafuta mtu anayejua kuandika na asiyechukia ute. Waliojua kuandika waliuchukia ute. Wasiouchukia ute walikuwa ziwani. Mama Rula akanyoosha mkono, kisu kikiwa bado kiganjani.

"Lakini mimi nimeishia darasa la saba," akasema.

"Darasa la saba namba zinaishia ngapi?"

"Haziishi."

"Basi umefaulu," afisa akasema, na mambo yakawa hivyo.

Ziwa lenyewe ni dogo. Ukinywa chai ukaanza kulizunguka kwa miguu, chakula cha mchana utakula umerudi. Lakini kina chake! Afisa yule alishusha kamba yenye jiwe, kamba ikaenda, ikaenda, ikafika mita mia mbili na bado jiwe linavuta. Wavuvi walishangilia kama vile kina hicho walikichimba wao. Na hapo ndipo walipokuwa na imani yao kubwa: samaki wakipungua, hawajaisha, wameshuka chini kulala, watapanda. Ziwa la kina hiki, samaki wataishaje?

Afisa akashusha chupa mpaka mita arobaini, akaivuta, akaifungua mbele yao. Ilitoka harufu ya yai bovu, yai lililosahauliwa tangu mwaka juzi. Mvuvi mmoja kijana, ambaye kwa ukubwa wa sauti yake walimwita Spika, alikimbia mpaka kwenye nyavu zake. Afisa akaeleza kwamba huko chini hakuna hewa ndani ya maji, kwa hiyo samaki akishuka huko anakufa. Samaki wote wa ziwa, wakubwa kwa wadogo, wanaishi kwenye mita ishirini za juu.

Watu wakawa wanatazamana. Mama Rula ndiye aliyeelewa wa kwanza.

"Kumbe ziwa letu ni sahani," akasema, "sahani iliyowekwa juu ya kisima!"

Tangu siku hiyo ameieleza ile sahani kwa kila mtu, wakiwemo wasiouliza.

Na sahani ilikuwa inapungua chakula. Madaftari yake yalisema hivyo kabla mtu mwingine hajasema. Daftari la kwanza, perege wa kawaida alikuwa na sentimita ishirini na sita. La tano, ishirini na tatu. La nane, ishirini na moja na kitu. Wavuvi walibisha, wakaletewa madaftari, wakaacha kubisha. Wakakubaliana mambo mawili. La kwanza, nyavu za matundu madogo zitupwe. La pili, ghuba ya matete ifungwe. Humo ndimo perege wanamozalia, na mama perege ni kiumbe wa ajabu: anabeba mayai yake mdomoni, kisha watoto mdomoni, na siku zote hizo hali chochote. Wakavuta kamba yenye madumu ya manjano kutoka upande mmoja wa ghuba hadi wa pili, na hakuna mtumbwi uliovuka. Ghuba ingefunguliwa siku wastani wa urefu utakapofika sentimita ishirini na nne, ukakaa hapo miezi mitatu. Kwa nini ishirini na nne? Kwa sababu perege wa urefu huo keshazaa, keshaacha watoto ziwani. Ukimla, humli na ukoo wake.

Mwaka wa kwanza, ishirini na moja nukta mbili. Wa pili, nukta nne. Wa tatu, nukta sita. Spika alikuwa akipita mezani na kusema, "Mama Rula, hao samaki wako wanakua kwa kuomba ruhusa?"

Mwaka wa nne mambo yakabadilika. Mama Rula alienda wiki moja kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi, samaki walikuwa wameamka! Ishirini na tatu nukta nane. Ishirini na nne. Ishirini na nne nukta moja, mwezi baada ya mwezi. Mwalo ulichangamka. Watu waliomzidi umri walianza kumwamkia yeye. Mwenyekiti wa wavuvi, mzee mpole anayesafisha miwani yake kila anapotafuta neno, akatangaza mkutano Jumamosi: afisa uvuvi atakuja, wastani utasomwa, na madumu yataondolewa kwenye ghuba siku hiyohiyo. Spika alikwishaandaa nyavu, amezikunja mtumbwini kama shuka za wageni.

Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, jirani alirudisha kikaango.

Kikaango hicho Mama Rula alikipata siku ya harusi yake. Jirani alikuwa amekiazima miezi minane kasoro siku chache, na kila akiulizwa alisema, "Nakileta, dada, nakisugua tu." Sasa alikileta kwa heshima ya sherehe ya kesho. Mama Rula akafurahi, akatoa perege mmoja aliyempima asubuhi, sentimita ishirini na nne nukta tatu, akamweka mzima kwenye mafuta.

Samaki akalala katikati, nafasi mbele, nafasi nyuma, kama mtoto kwenye kitanda cha babu yake.

Mama Rula akasimama na kijiko mkononi. Kikaango kile anakijua. Samaki wa ishirini na nne akiingia humo lazima mkia ukunjamane ukingoni. Miaka yote umekunjamana.

"Fundi!" akaita. "Hebu njoo. Kikaango kinaweza kutanuka?"

Fundi akatoka kwenye karakana, vumbi la mbao kwenye nyusi. "Kimekaa kwa jirani miezi minane, mama. Hata mimi ningetanuka."

"Sitanii. Nipe tepu yako."

Akamtoa samaki kwenye mafuta, akamlaza kwenye sinia, akanyoosha tepu. Ishirini na mbili nukta tatu. Akapima tena. Ishirini na mbili nukta tatu.

"Tepu yako imeharibika."

"Tepu yangu?" Fundi alichukia kidogo. "Nimejenga nusu ya mtaa kwa tepu hiyo. Labda samaki amesinyaa kwa moto."

"Hata hajageuzwa, asinyae saa ngapi?"

Akakitoa kibao kwenye mfuko. Akalaza tepu juu ya rula ya chuma, namba kwa namba. Zilipatana vizuri. Akapeleka jicho mwanzoni, kule ambako miaka yote hakuna anayetazama, kwa maana macho yote huwa kwenye mkia. Penye ukuta kulikuwa na utando wa ute na magamba makavu. Akasugua kwa chumvi na kidole gumba. Namba ya kwanza iliyojitokeza, imebanana na ukuta, ilikuwa mbili.

Sifuri haikuwepo. Moja haikuwepo.

"Fundi," akasema, sasa kwa sauti ndogo. "Ukuta huu uliutengeneza lini?"

"Ulipokwenda kwa mtoto. Ule wa zamani ulikuwa umeoza, umechomoka. Nikataka ukirudi ufurahi. Nikakuwekea mbao ngumu, nene, na skrubu nne kutoka chini. Huo hauchomoki mpaka kiama."

"Ule wa zamani ulikuwa umepigiliwa wapi?"

"Kichwani mwa ubao, kwa nje. Ndiyo maana ulichomoka. Mimi nikaupandisha juu, ukae im..." Akachukua kibao, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akapima unene wa ukuta wake kwa kucha. Sentimita mbili kamili, bila kupungua unywele, kwa sababu yeye ni fundi mzuri.

"Nimeukalisha juu ya namba," akasema.

"Umeukalisha juu ya namba."

Walikaa wote wawili kwenye ngazi ya jikoni. Mafuta yakapoa. Miezi minane kila samaki aliyelala juu ya kibao kile alipewa sentimita mbili za bure. Wala samaki hawakuamka. Mbao ndiyo iliyonenepa.

"Mkutano ni kesho," Fundi akasema. "Unaweza kumwambia afisa wiki ijayo, faraghani. Utasema umegundua Jumatatu."

Mama Rula alikuwa akiyaona madumu ya manjano yakivutwa nchi kavu, nyavu za Spika zikishuka kwenye matete, na mama perege, midomo imejaa watoto, wakipandishwa juu. Sahani ni moja. Na alikuwa akijiona pia mwenyewe Jumanne ijayo, anainama kuandika namba ya samaki wa hamsini, na namba hiyo haina maana, wala zote zilizotangulia, tangu siku ile alipoinua mkono wenye kisu.

"Lete kiti," akasema. "Na kalamu nyekundu."

"Niutoe huo ukuta kwanza?"

"Usiuguse! Kesho kibao kinakwenda kama kilivyo."

Wiki thelathini na nne, siku mbili kila wiki, samaki hamsini kila siku: samaki elfu tatu na mia nne. Fundi alisoma, Mama Rula alitoa mbili, akaandika namba mpya kwa nyekundu pembeni, bila kufuta ya zamani. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Jirani alichungulia kuuliza kama kikaango kimefika salama, akaona sura zao, akarudi kinyumenyume. Walipomaliza, jua lilikuwa bado juu ya paa la karakana. Mama Rula akapiga wastani wa miezi mitatu ya mwisho, akauzungushia duara. Ishirini na mbili nukta moja.

Akautazama. Kisha akafungua daftari la mwaka uliotangulia. Ishirini na moja nukta sita.

"Fundi, wamekua."

"Mama, usianze tena."

"Nusu sentimita! Miaka mingine ilikuwa nukta mbili, nukta mbili. Wamekua kweli, wenyewe, bila mbao yako."

Jumamosi ukumbi wa wavuvi ulijaa. Ni chumba kirefu chenye paa la bati, kinachonuka kamba mbichi na lami, na siku hiyo mabenchi hayakutosha, watu walikalia nyavu. Afisa uvuvi, dada mwenye umri wa binti yake Mama Rula, alikaa mezani na faili. Mwenyekiti akasafisha miwani, akamkaribisha mama yetu mpendwa atusomee namba ya furaha.

Makofi. Mama Rula akaweka kibao mezani, akaweka tepu, akaweka samaki mmoja wa asubuhi hiyo.

"Namba ninayo," akasema. "Lakini ya furaha ilikuwa na kosa. Wastani wetu ni ishirini na mbili nukta moja. Miezi minane nimesoma vibaya."

Likasikika bati likitanuka kwa jua. Kisha Spika akainuka.

"Mama Rula, tafadhali, siku ya leo usitutanie!"

"Njoo upime mwenyewe."

Spika akaja. Akamlaza samaki kibaoni, akasoma kwa sauti ukumbi mzima ukasikia: "Ishirini na tatu!" Akampima kwa tepu. Safari hii sauti haikutoka. Afisa akalazimika kusoma badala yake: "Ishirini na moja."

Hapo watu wakawa hawasikilizani tena. Mmoja alisema wameaibishwa. Mwingine alisema seremala apimwe kichwa. Fundi akasimama nyuma ya ukumbi, kofia mkononi.

"Ukuta nimeutengeneza mimi," akasema. "Kosa ni langu. Mke wangu hakujua."

"Kaa chini, Fundi," Mama Rula akasema. "Kutengeneza umetengeneza wewe. Kusoma nimesoma mimi. Sahihi kwenye madaftari ni yangu."

Spika alikuwa bado amesimama mbele. Akateremsha sauti, ambayo hata ikiteremshwa inafika mlangoni.

"Sawa, mama. Tumekuelewa. Lakini tuko sisi kwa sisi hapa, na dada afisa ni mtu mzuri. Sentimita mbili ni kitu gani? Urefu wa ukucha! Nyavu ziko mtumbwini. Tufungue leo, hesabu tutaiweka sawa baadaye."

"Kwa hiyo wewe unataka samaki akulie kwenye daftari?" Mama Rula akamuuliza. "Na mwakani ukitupa wavu, utatupa ziwani au utatupa kwenye daftari?"

Watu wakacheka, kwanza wachache, kisha karibu wote. Hata Spika tabasamu lilimponyoka kidogo. Mama Rula hakucheka. Akainua huyo samaki.

"Samaki kama huyu, wa ishirini na moja, wengi wao hawajazaa hata mara moja. Nimewapasua maelfu kwa kisu kabla sijawapima kwa rula, najua kilichomo tumboni. Tukiingia ghubani leo tutashiba miezi miwili. Mwezi wa tatu mtakuja mezani kwangu na ndoo, na mimi sitakuwa na hamsini wa kupima."

Afisa akafungua faili lake. "Wazee wangu, mimi nilikuja na swali," akasema. "Miezi hii minane samaki wenu walikuwa warefu kwenye karatasi, lakini uzito ni uleule. Wakubwa wangu wamefikiri wana ugonjwa, au wana njaa. Nilitumwa niwaambie mfunge ziwa zima mpaka wataalamu waje." Akamgeukia Mama Rula. "Ungelificha kosa hili leo, mama, kesho kutwa ningefunga ziwa lote."

Mwenyekiti alisafisha miwani muda mrefu. Kisha akauliza nani anataka madumu yakae. Mikono ikapanda polepole, kama ya watu wanaopima joto la maji ya kuoga. Ilitosha. Ghuba ikabaki imefungwa.

Si kwamba walimbeba mabegani. Wiki kadhaa zilizofuata hakuamkiwa sana. Wengine walipita mbali na meza yake, samaki ilibidi awafuate kwa miguu, mtumbwi hadi mtumbwi, akiomba huyu watano, yule saba, mpaka hamsini watimie. Fundi alikitengeneza kibao upya, ukuta kichwani kwa nje, sifuri inaonekana wazi hata kwa asiyetaka kuiona. Chini yake akachonga kwa herufi ndogo jina la mkewe, lile la kwenye kitambulisho. Alilikumbuka bila kufikiria.

Jumanne moja Spika akatokea mezani na tepu yake mwenyewe.

"Sikuamini," akasema. "Wewe wala mumeo."

"Vizuri. Shika mkia."

Tangu hapo kila Jumanne Spika alipima upya baada yake samaki kumi, akichagua mwenyewe, na akawa mkali kuliko afisa. "Mama, huyo siyo nukta nne. Nukta tatu! Usiwape watu tamaa!" Wavuvi waliokuwa wakipita mbali wakaanza kupita karibu ili wasikie ugomvi huo, na wakishafika karibu, samaki wao wanapimwa.

Ilichukua miaka miwili kasoro mwezi. Ishirini na mbili na nusu. Ishirini na tatu. Ishirini na nne, ikakaa mwezi, ikakaa wa pili, ikakaa wa tatu. Safari hii hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Spika alikuwa amekwishaitangaza mwalo mzima kabla ya mkutano, na kwa sauti ile labda na ng'ambo ya ziwa. Mkutanoni akainuka tena, watu wakajishika masikio.

"Mkataba unasema tufungue ghuba," akasema. "Mimi nasema tufungue nusu. Nusu ile yenye matete mengi tuwaachie akina mama wenye watoto mdomoni. Wale hata kulalamika hawawezi."

Mwenyekiti alimpa Mama Rula kisu akate kamba ya dumu la kwanza. Ulikuwa mkono uleule, na ulikishika kisu kama zamani, kidole cha shahada juu ya bapa. Dumu likaelea, Spika akaliwahi kwa kasia, na mitumbwi ikaingia ghubani ikipiga makasia taratibu, kama watu wanaoingia nyumba ya mtu mwingine.

Ijumaa iliyofuata alipeleka nyumbani perege mmoja kati ya samaki wake hamsini, ishirini na nne nukta tatu, akamlaza kwenye kikaango cha harusi. Pua ikagusa ukingo wa huku. Mkia ukafika ukingo wa kule, haukutosha, ukakunjamana.

"Fundi! Njoo uone."

Fundi akaja, akatazama, akatoa tepu mfukoni kwa mazoea.

"Hiyo rudisha," Mama Rula akamwambia, akigeuza samaki. "Leo tunakula."